Viti, Tenti na Kifungu cha Kumi na Nne

Mama yangu alinituma Makindu nikamlete mwanamke ninayemwonea wivu kuliko binadamu yeyote aliye hai, na alinituma kama mtu anavyotumwa dukani kununua chumvi.

"Una gari," alisema. "Nenda umwambie namwita. Mwambie mambo ya katiba yametushinda."

Yametushinda. Nilikuwa nimesimama sebuleni mwake, chini ya diploma yangu ya uhasibu. Niliitia fremu mwenyewe na kuitundika mwenyewe, na sikuitundika nyumbani kwangu bali kwake, kwa sababu kwake ndiko wageni wengi hupita. Mama aliongea akiwa amekaa chini yake kabisa, akikanda goti lake la kulia kwa mafuta, na hakuinua macho hata mara moja kuitazama.

Kabla sijaeleza habari za huyo mwingine, niseme mimi ni nani. Nilitoka kwetu, karibu na Kwa Vonza, na begi moja lenye zipu mbovu, nikaenda Ghuba kuosha sahani katika hoteli. Kutoka kwenye sahani nikapandishwa hadi stoo, kwa sababu nilipohesabu mashuka hesabu yangu ililingana na mashuka. Huko huko nikaanza masomo kwa njia ya posta, na niliporudi Kenya nikayamalizia Nairobi kwa karo niliyolipa mwenyewe. Sikuchangiwa. Hakuna mjomba aliyeuza ng'ombe kwa ajili yangu, mtoto wa kike. Leo nina nyumba ya mawe yenye mabati ya buluu na geti ambalo lori linaingia bila kukunja vioo, na nina duka la vifaa vya ujenzi sokoni Kwa Vonza. Kila msumari ulio ndani ya nyumba ile niliununua mimi.

Huyo mwingine tulikaa naye dawati moja hadi darasa la nane. Mimi nilikuwa nambari moja. Yeye alikuwa wa nne, na muhula mbaya, wa sita. Alifika kidato cha pili, karo ikaisha, akaolewa Makindu. Huko ana chumba kidogo kando ya barabara ya Mombasa ambamo anachapa barua na kutoa fotokopi. Basi. Lakini kwa miaka mingi vikundi vya watu vilikuwa vinampelekea katiba zao azichape, na yeye, badala ya kuchapa tu, alikuwa anasoma. Msajili wa vikundi akizirudisha zikiwa na makosa, anasoma na hiyo barua ya makosa, anatengeneza, anachapa tena. Mwisho akajua kila katiba huvunjikia wapi. Sasa anaitwa na vikundi kutoka Makindu hadi Tseikuru kule kwa wafugaji, aende awaeleze mambo ya usajili, kodi na uongozi. Wanamwita mwalimu, na hajawahi kufundisha hata chekechea. Tseikuru walimpa mbuzi. Mimi nikienda mahali kusaidia watu hesabu narudi na risiti ya petroli.

Nilikuwa nimeyameza hayo yote kwa sababu Makindu ni mbali. Sikutegemea kwamba siku moja mama yangu mzazi ndiye angemwita.

Kikundi chenyewe kilianzishwa na mama na wenzake nikiwa bado shule. Kilikuwa mwethya, ule utaratibu wetu wa kufanya kazi kwa pamoja: leo mnachimba matuta shambani kwangu, kesho kwako, na asiyefika analeta chakula cha waliofika. Walichimba matuta mpaka matuta yakaisha, halafu wakajenga ukuta wa mawe kukata mto wetu, ambao hutiririka siku chache tu kwa mwaka na siku nyingine zote huficha maji yake chini ya mchanga. Mawe waliyabeba kichwani. Baadaye wakanunua tenti mbili, viti vya plastiki na sufuria kubwa, vitu vya kukodisha kwenye matanga na arusi. Na kila mwezi, wanawake wale wale wanachanga pesa za mzunguko, anapewa huyu mwezi huu na yule mwezi ujao, kisha Desemba kinachobaki wanagawana. Yote yalikuwa katika daftari moja, akaunti moja na katiba moja, ambayo mtu fulani aliinakili kutoka kikundi kingine bila kuisoma. Niliporudi nikafanywa katibu kwa vigelegele, jambo la kwanza nililogundua ni kwamba kifungu cha tatu kilisema lengo letu ni kufuga samaki. Nilikifuta. Nilipanga mafaili. Nilinunua muhuri kwa pesa yangu.

Mama alikuwa mwenyekiti, mimi katibu, ndugu yangu mdogo mwekahazina. Niliona ni jambo zuri, viongozi kutoka boma moja, hakuna maneno.

Kisha shirika moja la Nairobi likaja kuuona ukuta wa mto, likapendezwa, likasema litatupa bomba: maji yasukumwe kutoka mtoni hadi vioski vitatu huku juu. Siku hiyo mama hakula. Amepanda mlima wa kutoka mtoni na mtungi tangu alipoolewa, na goti lake limemalizwa na mlima ule. Alisema anataka kufungua mfereji kwa mkono wake mara moja tu, hata ukikatika siku ya pili hatajali. Masharti yalikuwa mawili. Tuache kuwa kikundi cha kujisaidia, tujisajili kama shirika la manufaa ya umma. Na tuombe msamaha wa kodi. Katiba iliyorekebishwa na kupitishwa na mkutano mkuu iwafikie kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo bomba linapelekwa kwa kikundi kingine upande wa Makueni.

Nani angeandaa karatasi hizo kama si mimi? Niliziandaa kwa siku nne. Zilirudi kutoka kwa shirika na alama mbili za kalamu nyekundu. Ya kwanza ilizunguka kifungu cha kumi na nne: *Kikundi kikivunjwa, mali yote itagawanywa sawasawa kwa wanachama.* Pembeni waliandika kwamba shirika linaloweza kugawana mali yake siku ya mwisho haliwezi kusamehewa kodi, kwa sababu hiyo ni faida iliyocheleweshwa tu. Kifungu kiseme mali itaenda kwa shirika jingine lenye malengo kama yetu.

Alama ya pili ilikuwa kwenye ukurasa wa viongozi. Ule ukurasa niliukunja, nikaurudisha chini ya zingine.

Niliita mkutano. Nilieleza vizuri, na bado naamini nilieleza vizuri, kuanzia maana ya shirika lisilo la faida hadi sheria inavyosema. Nilipofika kwenye kifungu cha kumi na nne, rafiki wa mama, bibi aliyebeba naye mawe ya ule ukuta na ambaye sote tunamwita susu, yaani nyanya, aliinua fimbo yake.

"Kwa hivyo tukimaliza, viti vyangu vinaenda kwa nani?"

"Kwa shirika lingine, susu. Lenye malengo kama yetu."

"Lipi?"

"Lolote."

"Lolote!" Aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Tulibeba mawe, sasa tenti apewe Lolote."

Mwanamume mmoja, kati ya wale wachache tulio nao, akasema kutoka nyuma, "Huyu alikaa Arabuni sana. Huko watu hawagawani."

"Wacha," mwingine akadakia, "ana duka. Tenti ikikosa mwenyewe atapata ya kukodisha."

Damu ilinipanda. Nilisema kwa sauti ambayo sikuipanga, "Mimi nina diploma!"

Susu akanitazama kwa huruma kabisa.

"Na hiyo diploma," akauliza, "ikivunjwa inaenda kwa nani?"

Walicheka mpaka viti vikalia. Mama alicheka pia, akijiziba mdomo kwa leso. Tulipoinua mikono kupiga kura, iliinuliwa minne, na miwili kati yake ilikuwa yangu na ya ndugu yangu. Mama alisema mwenyekiti hainui mkono.

Hivyo ndivyo nilivyotumwa Makindu.

Niliishika barabara ya Kitui kwenda Kibwezi, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumfanya aelewe kwamba namchukua kama mtu anavyochukua fundi, kwa kazi moja ndogo. Nilipoegesha mbele ya chumba chake, watu watatu walikuwa kwenye benchi wakimsubiri, wawili wamevaa suti. Alikuwa na mashine mbili kuukuu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinitambua kabla sijafunga mlango wa gari.

"Wewe! Nambari Moja!"

"Nambari Nne," nikamjibu. "Habari za siku nyingi."

Alicheka, akanikumbatia, akinuka wino na vitunguu. Mpaka leo sijui kama ananiita Nambari Moja kwa heshima au kwa dhihaka. Aliwaambia wale wa suti warudi baada ya siku mbili, nao wakaitikia kwa upole, mmoja akimwita mwalimu.

Nilitaka kumpeleka hoteli nzuri nimlipie, ajue. Akakataa, akanipeleka kwenye hekalu la Masingasinga ambako wasafiri hulishwa bure, tukala dengu na chapati pamoja na madereva wa malori. Nilikula nikiwa na pesa mfukoni isiyo na kazi. Tulipomaliza akaomba karatasi. Alizisoma moja moja akifuata mstari kwa ukucha. Alifika kwenye ukurasa niliokunja, akaukunjua, akausoma, akaukunja tena vile vile nilivyokuwa nimeukunja mimi, kwenye mikunjo yangu, na kuurudisha mahali pake.

Tulikuwa njiani kurudi, tumeshapita Ikutha, alipouliza:

"Mama ameuona ule ukurasa?"

"Bado."

"Nambari Moja."

"Nini?"

"Wewe, mama na ndugu yako. Mkitia sahihi hundi moja nyote watatu, ni mtu mmoja ametia sahihi mara tatu. Mfadhili hatakubali, na msajili akija kukagua atauliza. Abaki mmoja."

Nilisema sisi hatujaiba hata shilingi, na ni kweli, hatujaiba.

"Sijasema mmeiba. Kioski cha kwanza umekiweka wapi?"

"Getini kwangu. Lori la mabomba linafika pale bila shida."

"Na mabomba yanatoka duka gani?"

Nilibadilisha gia, ingawa barabara haikudai. Bei yangu ilikuwa chini ya bei ya Kitui mjini. Nilimwambia hivyo.

"Nakuamini. Lakini aliyeandika bei ni wewe, atakayeikubali ni wewe na mamako, na atakayelipwa ni wewe. Hata kama ungeyatoa kwa nusu bei, mtu akiuliza utamjibu nini?"

"Utayasema mkutanoni?"

Alitazama nje, kwenye miiba na mchanga mwekundu.

"Usiposema wewe, nitasema," alijibu. Kisha akaniuliza watoto hawajambo, kana kwamba tulikuwa tunazungumzia mvua.

Nililala vibaya. Lakini kulipopambazuka nilikuwa nimepata hesabu iliyoniridhisha. Abaki mmoja, sawa. Ndugu yangu hapendi daftari, angefurahi kutoka. Mama ni mzee, goti linamuuma, hajui kusoma barua ya mfadhili bila mimi. Angenyanyuka mbele ya watu aseme, mwenyekiti sasa awe binti yangu. Nilichagua hata nguo.

Mkutano ulikaa chini ya tenti yetu wenyewe, kwenye viti vyetu wenyewe. Nilimwekea Nambari Nne meza mbele. Hakwenda mezani. Alivuta kiti akakaa katikati yao, karibu na susu, akauliza habari ya mbuzi na mbaazi, na nilipokuwa nikianza kuchoka akauliza kama anayepitisha wakati:

"Pesa zenu za mzunguko mnaweka wapi?"

"Kwa akaunti ya kikundi," mtu akasema.

"Pamoja na za viti?"

"Pamoja."

"Na katiba ni hii moja?"

"Ni hii."

"Kwa hivyo mlipoambiwa mali yote iende kwa wengine, mlifikiri hata mzunguko umo."

"Si umo?" susu akauliza.

Upepo ulipita chini ya tenti. Wiki tatu nilikuwa nimepigana na watu wale juu ya sheria, na hakuna siku niliyowauliza wanaogopa nini. Walikuwa wanaogopea pesa yao ya Desemba, ile ya karo za Januari. Yeye alikuwa amekaa nao muda wa kikombe kimoja cha chai.

Aliwaeleza taratibu. Mzunguko ni wenu, kila mtu na chake. Utoeni humu, uwe na daftari lake, akaunti yake na masharti yake, na Desemba mgawane mkitaka mpaka senti ya mwisho, hakuna atakayewauliza. Lakini kilichonunuliwa na mwethya, na kitakacholetwa na mfadhili, hicho ni cha kazi, si cha mtu.

"Viti ni vyetu," susu akasisitiza.

"Sawa. Tugawane leo. Tukianza na hii tenti iliyo juu yetu, susu unataka kipande gani?"

Susu akatazama juu. "Ule upande wa mlango."

"Ule uliotobolewa na cheche kwenye arusi?"

"Basi ule mwingine."

"Ule mwingine nimeshachukua mimi!" mama mmoja akapiga kelele, na vicheko vikaanza.

"Na sufuria kubwa? Nani anachukua mfuniko?" Aliwaacha wacheke, wakagombania mfuniko, wakamtuza yule mwanamume wa nyuma mpini wa mwiko. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ukuta wa mto?"

Susu akageuza uso upande wa mto, na mgeni wetu akaendelea:

"Wale waliobeba mawe pamoja nanyi na sasa hawapo. Watoto wao walikuja kudai jiwe?"

Mama ndiye aliyejibu. "Hakuna aliyekuja. Na maji wanachota."

"Basi hiki kifungu mmeishi nacho siku zote. Katibu wenu anataka tu kukiandika."

Alinisifu. Mbele ya watu wote, alinipa mimi ile kazi, na hakuna kitu kilichoniuma siku hiyo kuliko hicho. Ningependa angejisifu nipate sababu ya kumchukia.

Susu alikubali kwa sharti moja, lile neno "lolote" lisionekane popote. Tukaandika kwamba mali itaenda kwa shirika la maji la kata hii, litakalochaguliwa na mkutano mkuu wenyewe. Niliandika kwa mkono wangu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mikono iliinuliwa yote. Akawakumbusha pia kwamba kusamehewa kodi hakumaanishi kunyamaza, kila mwaka ritani, yaani taarifa ya kodi, ipelekwe hata kama ni ya sifuri, kwa sababu faini haiulizi kama mlikuwa mnauza kitu au mnabeba mawe.

Kisha akaniachia zamu. Hakunitazama hata. Alikuwa anafuta miwani yake.

Ningeweza kufunga mkutano. Kifungu kilikuwa kimepita, watu walikuwa wanakusanya leso zao. Lakini nilijua angesimama, na sikutaka aseme yeye. Hilo sikuwa tayari kumwachia. Nilitoa ule ukurasa, nikaukunjua, nikausoma kwa sauti, pamoja na alama yake nyekundu. Nikasema kioski cha kwanza nimekiweka getini kwangu na mabomba nimeyaandika ya duka langu, na kwamba haifai. Nikamgeukia mama.

"Mwaitu, sisi ni watatu wa nyumba moja. Abaki mmoja."

Mama alifikiria. Nilimwona akifikiria, na moyo wangu ulikuwa tayari umesimama kupokea.

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Basi nabaki," alisema.

Tenti nzima ililipuka. Susu alipiga fimbo chini. Mama alingoja watulie, kisha akaniambia bila ukali, "Wewe umesoma, una duka, utapata pengine pa kukaa. Mimi nikitoka hapa naenda wapi?"

Ndugu yangu alikuwa ameshaweka daftari mezani kabla hajaulizwa, akitabasamu kama mtu aliyetoka jela. Ukatibu wakampa mke wa mwana wa susu, msichana aliyemaliza kidato cha nne. Nilisema basi nitakuwa mkaguzi wa hesabu, hakuna mwingine hapa mwenye masomo hayo. Macho yote yakaenda kwa yule wa Makindu. Alitikisa kichwa polepole.

"Huwezi, Nambari Moja. Umezaliwa na mwenyekiti."

Kioski cha kwanza kikahamishwa hadi njia panda, karibu na kwa susu. Mabomba yakaombewa bei kwa bahasha zilizofungwa. Niliruhusiwa kuleta yangu, na kukaa nje ya chumba zikifunguliwa. Duka la Kitui mjini lilinishinda kwa kiasi kidogo, na mpaka leo naamini waliuza kwa hasara.

Karatasi zilifika Nairobi kabla mwezi haujaisha. Bomba likaja kwetu.

Mtaro ulichimbwa kwa mwethya, kama zamani. Mtu anapita na kijiti kilichokatwa kwa kipimo, anakilaza chini, anakwambia hapa mpaka hapa ni pako. Nilipewa kipande changu kama mwanachama mwingine yeyote, mwenye jembe na asiye na muhuri. Miaka mingi mikono yangu ilikuwa haijashika mpini, na ardhi yetu ni mawe. Lakini nilimaliza kabla ya majirani zangu wote wawili, na ukingo wangu ulikuwa umenyooka kuliko wa mtu yeyote. Mtu akitaka aulize.

Siku ya kufungua maji, mama aliagiza yule wa Makindu aitwe. Alikuja na gauni la kijani. Mbuzi wa kumtuza alikuwa ameshafungwa kwenye nguzo ya tenti tangu asubuhi, mbuzi mzuri, na nilishaambiwa kwamba mimi ndiye nitakayewarudisha wote wawili kwa gari langu.

Pale njia panda watu walijaa. Mama alivaa viatu vipya, akakataa fimbo. Alipofika kwenye mfereji goti lilimkataa, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, akashika bega lililokuwa karibu, na bega hilo lilikuwa langu.

"Simama vizuri," alinong'ona.

Nilisimama vizuri. Aliuzungusha mfereji kwa mkono mmoja. Kwanza ulitoa hewa, ukakohoa, ukatema mchanga, halafu maji yakaja kwa nguvu yakampiga kwenye viatu vipya. Mama alipiga ukelele nisiowahi kuusikia. Aliinua uso akatafuta kwenye umati mpaka akaliona lile gauni la kijani.

"Mwiitu wakwa!" aliita. Binti yangu. "Mwiitu wakwa, ona, yanatoka!"

Yule akapunga mkono, analia, anacheka. Vigelegele vikapanda. Mimi sikugeuka kumtazama. Mama alikuwa ameuinua mguu wake mbaya kutoka ardhini na kuachilia uzito wake wote, na uzito huo ulikuwa juu yangu, na niliubeba mpaka ndoo ya kwanza ikajaa.